ULIZA MWALIMU: "Nimeambiwa nihame kozi kwa sababu sioni"

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba mi nilisoma elektroniki huku sikio la kulia halisikii toka nilipougua surua nikiwa mdogo, basi simu haijapumzika. Kumbe mko wengi. Barua nyingine ndefu nimezipunguza, na majina ya vyuo nimeyatoa yote, hatujaja hapa kugombana na mtu.

*Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza, nasoma mambo ya kompyuta hapa Mbeya. Macho yangu yanapungua toka nikiwa form three, sasa la kushoto halioni kabisa na la kulia naona kama nachungulia kwenye mrija. Lekchara wa hisabati anaandika ubaoni anasema "hii ukiizidisha na hii unapata hii", halafu notisi anapiga picha anatuma kwenye grupu la WhatsApp. Testi ya kwanza nimepata 9 kwa 40. Mkubwa mmoja wa idara kaniita, kwa upole kabisa, akaniambia kwa nini usihamie ustawi wa jamii, huko utafaulu tu. Nimelia sana. Nihame? – N., Mbeya*

Marahaba mwanangu. Usihame, au tuseme hivi, kama ustawi wa jamii unaupenda nenda, ni kozi nzuri na inahitaji watu, ila usiende kwa sababu mtu kakuonea huruma. Huu ugonjwa wa kuwahamisha watu kozi naujua umeanzia mbali, mtoto asiyeona akifika form four anasukumwa HKL (historia na lugha) hata kama hesabu anaziweza, PCM (fizikia, kemia na hesabu) inaonekana sio ya kwao, kisha tunakaa tunashangaa mbona hawapo kwenye sayansi. Kuna profesa mmoja kule Marekani anaitwa Geerat Vermeij, haoni toka akiwa na miaka 3, kazi yake ya maisha ni konokono na kome wa baharini, anawasoma kwa vidole, na kwa vidole hivyo amegundua kwenye magamba yao makovu ya kung'atwa na kaa ambayo wenye macho walikuwa wanayapita tu. Sikuambii hivi ili uwe shujaa, hapana, nataka tu ujue kwamba 9 kwa 40 ile ni maksi ya picha za WhatsApp, hesabu yako bado haijapimwa.

Sasa tufanye kazi. Cha kwanza, programu ya kusoma skrini. Inaitwa NVDA, ni ya bure kabisa, aliianzisha kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, mwaka 2006, akaja kuungana na mwenzake James Teh ambaye naye haoni, walichoka na bei za zile za kununua. Inaingia kwenye Windows, na uzuri wake unaweza kuiweka kwenye flashi, ukifika maabara ya kompyuta unachomeka inaongea, huhitaji kumbembeleza mtu wa TEHAMA akupe neno la siri la kuinstoli. Sauti ya Kiswahili ipo humo humo, ina lafudhi ya roboti aliyekunywa chai ya moto lakini utaizoea, baada ya mwezi utakuwa umeiongezea kasi mpaka wenzako hawaelewi inasema nini. Simu yako kama ni ya Android ina TalkBack tayari, nayo inakusomea skrini, iwashe leo.

Na usisubiri hilo jicho la kulia liishe ndio uanze, jifunze sasa hivi ukiwa bado unaona kidogo, kujifunza keybodi bila mausi wakati bado unaweza kuchungulia ni rahisi mara kumi. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wanang'ang'ania kukuza herufi mpaka skrini nzima ina maneno matatu, kichwa kinauma, muda umeisha.

Kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta (sio ile ya TRA), ndio sehemu utakayoifurahia, maana kodi ni maandishi matupu, haina picha. Watakutisha na lugha ya kodi inayoitwa Python kwamba inategemea nafasi mwanzoni mwa mstari na wewe huzioni. Ingia kwenye mipangilio ya NVDA, kuna sehemu ya kutaja nafasi za mwanzo wa mstari, unaweza kuchagua itamke au ipige mlio, ukiingia ndani zaidi mlio unapanda. Kihariri cha VS Code kinaenda nayo vizuri, tena ni cha bure.

Hisabati ndio penyewe hapo. Picha ya ubao programu haiisomi, au inasoma upupu. Unachohitaji ni ekwesheni zilizochapwa, na hapa utajifunza LaTeX, unaandika hesabu kwa maneno na alama za keybodi, juu ya mstari wa sehemu kuna nini, chini yake kuna nini, kipeo ni kipi, na msomaji wa skrini anakusomea herufi kwa herufi. Malekchara wengi wa sayansi wanaijua au waliwahi kuijua wakati wanaandika tasnifu zao, kwa hiyo kumwomba akutumie lile faili lenyewe la notisi badala ya picha sio kumpa kazi mpya. Kama notisi ni za mkono tupu, CR wenu (mwakilishi wa darasa) atafute watu wawili wa kuzichapa kwa zamu, na wao watajifunza kitu. Grafu je? Chukua boksi la kadibodi, mistari ya pembeni weka uzi wa katani kwa gundi, mchoro wenyewe weka uzi mwembamba au tambi, eneo la chini ya mstari bandika kipande cha msasa. Mi nimewahi kumwona kijana anaelewa kuintegreti kwa msasa wa fundi seremala kuliko wenzake walioangalia projekta muhula mzima.

Kuhusu "hii na hii", mfuate lekchara ofisini, sio darasani mbele za watu, mwambie: mwalimu naomba ukiandika utamke, sema "x mraba jumlisha tatu y", usiseme hii. Basi. Haimgharimu kitu na nakuhakikishia nusu ya darasa la nyuma itakushukuru kimya kimya.

Halafu andika barua, nakala kwa mshauri wa wanafunzi na mkuu wa idara, ambatanisha karatasi ya daktari wa macho, na uombe vitu kwa majina yake: mtihani kwenye kompyuta yenye NVDA, chumba cha peke yako kwa sababu itaongea, na muda wa ziada. Wakikuuliza muda huo umeutoa wapi waambie hata Baraza la Mitihani kwa mtihani wa darasa la saba linawaongezea watoto wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati, na 10 kwa masomo mengine, sasa mtu wa chuo kikuu ana kosa gani? Ipeleke barua wiki hii, sio wiki ya mtihani, wiki ya mtihani kila mtu chuoni ni kichaa.

*Mwalimu mi sina swali kubwa, natofautisha rangi kwa shida, nyekundu na kijani na kahawia kwangu ni ndugu. Nasoma umeme, rezista zina mistari ya rangi inayotaja thamani yake. Nimeficha toka mwaka jana. – Fundi wa Uyole*

Acha kuficha, pima na mita. Mita inakupa omu zake bila kuuliza rangi, na kwa kweli hata wanaoona rangi wanatakiwa wapime, rezista ya zamani hudanganya. Ila waya za umeme mkubwa usikisie hata siku moja, bandika vikaratasi vyenye herufi, na mwambie msimamizi wa karakana kabla hujashika kitu.

*Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama, naishi Tukuyu. Kijana wangu ni kiziwi toka kuzaliwa, amechaguliwa chuo cha ufundi, mitambo. Baba yake anasema karakana itamuua, mashine zinapiga kelele yeye hasikii, bora tumfungulie genge. Yeye mwenyewe amekataa kula siku mbili. Na hata akimaliza nani atamwajiri? Ndaga fijo. – Mama K.*

Ndaga mama. Mwambie baba K kwamba nimemwelewa, hofu ya mzazi sio ujinga. Lakini kwenye karakana yenye mashine za kukereza na grainda sita zikiwaka kwa pamoja hakuna anayesikia kitu humo ndani, wote wamevaa vizibo vya masikio, au wanatakiwa kuvaa, na wote wanaongea kwa mikono. Kijana wako anaingia pale na lugha tayari. Mashine inapogoma mafundi wazoefu wanaweka kiganja kwenye bodi wasikie mtetemo, yeye hicho kiganja amekitumia maisha yake yote.

Kuna mambo lakini lazima yawepo na muyaulize kabla hajaripoti. Kengele ya hatari iwe na taa inayomulika, ukutani pale anapopaona. Swichi nyekundu ya kuzimia mashine aoneshwe siku ya kwanza na aizime mwenyewe mara tatu. Wakubaliane ishara ya kumshtua, wengi hutumia kuwasha na kuzima taa ya chumba, na mtu asije akamgusa bega kwa nyuma wakati chuma kinazunguka, hapo ndipo ajali ilipo, sio kwenye kutosikia. Mashine yake iwe sehemu ambayo watu hawapiti nyuma yake.

Darasani ndiko kugumu zaidi kuliko karakana, na hapa nasema kwa sikio langu mwenyewe. Mwalimu akigeuka ubaoni huku anaongea, kwangu anakuwa amezima. Watu wanadhani kiziwi atasoma midomo, haya simama mbele ya kioo useme bila sauti baba, mama, papa, uone kama kuna tofauti. Kwa hiyo anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, hili msilizungukie, liombeni kwa maandishi. Mkalimani naye hajasoma ufundi, hajui ishara ya "toki" wala "fani belti", nyingine hazipo kabisa, basi wakae yeye na kijana na mwalimu nusu saa kabla ya kila mada watunge za kwao na waziandike kwenye daftari lenye picha, mwaka ukiisha daftari hilo linabaki chuoni kwa kiziwi atakayefuata. Siku mkalimani hayupo kuna apu ya simu inaitwa Live Transcribe, inageuza maneno kuwa maandishi na Kiswahili inakijua, ila walimu wetu wanavyochanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja inachanganyikiwa vibaya, nimeiona ikiandika mambo ya aibu, kwa hiyo iwe ya akiba tu. Na rafiki mmoja mwenye mwandiko mzuri ampe notisi azipige picha, kwa sababu huwezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja, jaribu uone.

Ajira: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Najua sheria na kiwanda ni vitu viwili, sikudanganyi, lakini ni karatasi ya kuingia nayo ofisini. Na siku mkifika Iringa mjini mpeleke baba K pale Neema Crafts akanywe kahawa, pameanza 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, wahudumu wa mgahawa ni viziwi na karakana zake zimejaa watu wenye ulemavu wanaofanya kazi na kulipwa. Kahawa moja itafanya kazi kuliko barua yangu. CHAVITA nao watafuteni, ndio chama cha viziwi, wanawajua wakalimani.

Genge mfungue tu mama, ila ukae wewe.

*Kamwene mwalimu. Nasoma ualimu wa sayansi Iringa, rafiki yangu haoni, tunakaa chumba kimoja. Namsomea vitabu, namshika mkono mlimani huku mvua zikinyesha, namchapia asaimenti. Mwanzoni nilifurahi. Sasa hivi naona asaimenti ni kama nafanya mimi zote mbili, na yeye akipata A mi napata B+. Nikimwambia nitaonekana nina roho mbaya? – Rafiki, Iringa*

Kamwene. B+ hiyo imeniuma kwa niaba yako. Huna roho mbaya, umechoka, na aliyekuchosha sio rafiki yako, ni chuo kilichokugeuza wewe kuwa idara bila mshahara. Tofautisha vitu viwili. Kumwambia pale pana shimo, kumsomea ukurasa ambao haujachapwa, kumweleza mchoro ulivyo, hiyo ni macho unamkopesha. Kumtafutia jibu hiyo ni akili, na akili anayo mwenyewe (si ndiyo hiyo A). Ukisoma mchoro sema kilichopo, "mstari unapanda mpaka hapa halafu unalala", usiseme "kwa hiyo jibu ni b". Maabarani vivyo hivyo, yeye ndiye anasema mimina mililita 5, wewe unamimina, yeye ndiye anatoa hitimisho, na kuna kazi atafanya kwa mkono wake ukimkatia vijipengo vya kuhisi kwa kidole kwenye mpini wa bomba la sindano, kila pengo mililita 5, haihitaji macho.

Mwambie, tena mwambie akiwa ameshiba. Sema nataka tupange siku, Jumatatu na Alhamisi ni zangu kukusomea, siku nyingine tumtafute mwingine au NVDA (soma jibu la N. hapo juu). Nina hakika naye hapendi kukuomba kila kitu, hakuna mtu anapenda. Na mlimani, usimshike mkono ukamvuta kama mbuzi wa sikukuu, mpe kiwiko akushike yeye, ukipanda atajua umepanda.

*Mwalimu, mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia. Mwezi ujao tunapokea binti anayetumia kiti mwendo. Maabara ipo chini, afadhali, ila kuna kizingiti cha sentimita 15 mlangoni na meza zetu ni ndefu kwenda juu. Fungu hakuna. Nifanye nini?*

Nimekupenda bure, umeuliza kabla hajafika. Kizingiti: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za mteremko, kwa hiyo 15 zako zinataka sentimita 180. Watu wanajenga ule mfupi mkali wa mita moja, binti anahitaji wanaume watatu kumsukuma na akirudi anatoka kama risasi. Zege ukikosa, mbao za Mafinga na fundi mmoja, juu mkwaruze au mbandike kitu chenye kukwaruza, Desemba hapa tope linateleza. Meza za maabara huwa karibu sentimita 90, anahitaji moja tu ya kama 75, chini wazi kabisa bila kabati wala bomba la kumgonga, magoti yaingie. Kabla ya kumwita seremala msubiri aje umpime kwenye kiti chake, au mpigie simu umuulize, viti vinatofautiana.

Kemikali na vyombo vyake viwe pale anapofika akiwa amekaa. Glavu na koti kama wote, ila aprani ya mpira ifunike na mapaja, kwa sababu kinachomwagika mezani kwa mtu aliyekaa kinaishia mapajani, na kama miguu haina hisia hatajua kwamba inaungua. Hili ndilo watu wengi hawaliwazi. Bomba la kuoshea macho nalo, akaribie alijaribu siku ya kwanza.

*Nina ualbino, nasoma kilimo, wiki mbili zijazo tunaenda fildi Njombe kuchimba mashimo ya udongo. Wenzangu wanasema Njombe baridi, jua halichomi. Darubini pia inanipa shida. – Binti wa Mbozi*

Wenzako wanakuua. Baridi na mionzi havijuani, kila mita 1000 unazopanda mionzi inayochoma inaongezeka kwa kama asilimia 10, na Njombe ni juu. Mafuta ya kukinga jua SPF 30 kwenda mbele, rudia kila baada ya masaa mawili, kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na omba kundi lako lipangiwe asubuhi na jioni, mchana mfanye kazi za kivulini. Darubini, weka kamera ya simu kwenye tundu la kutazamia, kuna vishikizo vyake vya bei ndogo au funga na mpira, picha unaikuza kwenye skrini. Ubaoni pia kamera ya simu. Halafu kama hukuiambia Bodi ya Mikopo habari ya uoni wako, fomu ya ulemavu inathibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, itakusaidia kwenye maombi yanayokuja.

*Mwalimu, toleo lililopita uliandika "vijana wanaoteseka na ulemavu". Mi natembelea magongo, nipo mwaka wa tatu uhandisi. Ninachoteseka nacho ni ngazi za ghorofa ya tatu na sapu ya themodainamiksi.*

Umenikamata, nimefuta. Ngazi mwandikieni mkuu wa chuo, kuhamisha kipindi kushuka chini ni kazi ya kubadilisha ratiba tu. Themo mimi nilirudia mara mbili, na hiyo haikuwa sikio.